Viti Nilivyowapangia Marais wa Chuo

Siku ya kwanza kazini sikugusa kiti hata kimoja. Msimamizi wa majengo, Mmarekani mnene mwenye masharubu ya njano ambaye babu zake walitoka Sweden, alinisimamisha mbele ya kibao chekundu kilichopigiliwa ukutani mwa ukumbi wa mikutano, akaniambia nisome. Mimi niliishia darasa la nne, Singida, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Nikamwambia, "Sisomi vizuri."

Akasema, "Basi soma vibaya. Lakini soma."

Tulisimama pale mpaka nikamaliza. Kilikuwa kibao cha zimamoto. Kilisema ukumbi ule mwisho wake ni watu mia moja na ishirini, na kwamba njia za kutokea na kando za ukuta zisizibwe na kitu wala mtu.

"Rais wa Chuo anaweza kukufukuza kazi," msimamizi akasema. "Kibao hiki hawezi kukifukuza. Kikariri hicho kabla hujakariri jina langu."

Nikakikariri. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakusomea.

Nawaandikia ninyi vijana wa hapa Minneapolis na Saint Paul, kwa sababu mkikutana nami kanisani mnaniuliza, "Mzee Elia, tunasikia ulikuwa chuo kikuu. Ulifundisha nini?" Sikufundisha kitu. Nilikuwa mpanga viti. Nilipanga viti na meza kwa kila mkutano, karamu, mahafali na mazishi ya profesa, miaka yote ya tisini, chini ya marais watatu. Nikiona mtu anaanza kunihurumia nikisema hivyo, huwa namwacha ahurumie, kisha namuuliza kama yeye anajua chuo kinavyoendeshwa. Hajui. Mimi najua, na nilijua kabla ya maprofesa wengi waliovikalia viti vyangu.

Nilifika huku nikimfuata mke wangu, Naomi, aliyekuja kusomea uuguzi. Tulipanga chumba na sebule Columbia Heights, sisi wawili na binti yetu Debora. Naomi alikuwa na daftari, Debora alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na mikono. Nikapanda basi la alfajiri hadi mjini, nikabadilisha jingine la kuvuka mto, nikaomba kazi chuoni. Waliponiuliza nina ujuzi gani, nikasema nilikuwa fundi seremala wa misheni na ninajua kunyoosha mstari. Ilikuwa kweli, na ilitosha.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani kiti kinawekwa tu.

Asubuhi unakuta oda kwenye ubao. Oda ni karatasi inayosema chumba gani, saa ngapi, watu wangapi, na umbo gani. Maumbo ni machache. Kuna mistari, kama kanisani, ambapo mmoja anasema na wengine wanasikiliza. Kuna meza za mduara, za karamu, pale chuo kinapowalisha matajiri ili wakichangie. Kuna umbo la U, viti vikizunguka pande tatu na mwanya mmoja mbele, ambapo kila mtu anamwona mwenzake usoni. Na kuna meza moja ndefu ya chumba kilichofungwa. Hiyo ni ya Bodi ya Wadhamini, wale wanaomwajiri Rais na kumfukuza. Wengi wao wakati ule walikuwa mabosi wa makampuni, waliokuja na magari yao kutoka Golden Valley.

Wenzangu Wamarekani walinyoosha mistari kwa macho. Mimi nilikuja na kamba yangu yenye mafundo: fundo moja ni upana wa kiti, mafundo mawili ni nafasi ya magoti, mafundo manne ni njia ya kupita. Walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nikamkuta mmoja anafunga mafundo kwenye kamba ya kiatu.

Wakati wa baridi ndipo kazi ilipokuwa kazi. Watu wanaingia na theluji na chumvi ya barabarani kwenye viatu, na chumvi inakula nta ya sakafu. Kwa hiyo kila mkutano ukiisha unatoa viti vyote, mwenzako anapiga deki, unangoja ikauke, unarudisha vyote. Aliyekuwa akipiga deki pamoja nami alikuwa Mama Achieng, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akiishi Hopkins na kupanda mabasi mawili kama mimi. Hakuwa na subira na mtu yeyote. Profesa mmoja alipopita juu ya maji yake, Mama Achieng alimwambia kwa Kiswahili, na kwa tabasamu, "Pita tu baba, mguu ni wako, kuanguka pia ni kwako." Yule akajibu asante.

Rais wa kwanza niliyempangia viti alikuwa mzee, mwalimu wa historia aliyepandishwa pale pale chuoni. Msidhani Rais wa Chuo anafundisha. Kule kwetu tungemwita Makamu Mkuu wa Chuo. Kazi yake ni kukaa na watu. Anakaa na wadhamini, anakaa na maprofesa waliokasirika, anakaa na tajiri anayetaka jina lake liandikwe mlangoni. Kwa hiyo kazi yake yote ilifanyika juu ya viti vyangu, na mimi nilikuwa naiona. Mzee huyu aliagiza mistari siku zote. Alikuwa akifika mapema, anavua koti, ananisaidia kubeba viwili viwili.

Siku moja nikamwambia, "Rais, hii siyo kazi yako."

"Elia," akasema, "nimesimama mbele ya watu miaka thelathini. Hiki ndicho kitu pekee ninachofanya leo ambacho nitakiona kimekamilika."

Alistaafu vizuri.

Wa pili aliletwa kutoka kwenye biashara. Kitu cha kwanza alichoagiza ni kiti chake mwenyewe, cha ngozi, chenye mgongo mrefu, kiwekwe kila mahali atakapokaa. Nilikisukuma kile kiti kutoka jengo hadi jengo, kwenye theluji, kimefunikwa plastiki kama maiti. Hakuwahi kuniuliza jina. Mwaka wake wa pili asubuhi moja nikakuta oda ya Bodi: meza ndefu, mlango ufungwe, viti kumi na viwili. Wadhamini walikuwa kumi na wawili. Rais hukaa nao, anakuwa wa kumi na tatu. Nikahesabu tena, nikamwita Mama Achieng.

"Leo jamaa anaenda," nikamwambia.

"Nani amekuambia?"

"Viti."

Akaisoma ile karatasi, akacheka mpaka akaegemea fagio. Saa nane mchana tangazo likatoka kwamba Rais amejiuzulu ili apate muda na familia yake. Maprofesa walishtuka. Mimi nilikuwa nimeshakirudisha kiti cha ngozi stoo.

Wa tatu ndiye ninayetaka kumweleza hasa, kwa sababu huyo nilimpangia viti ngazi zote alizopanda.

Nilipoajiriwa alikuwa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ya mwalimu wa hisabati. Mkutano wake wa kwanza niliompangia, niliweka mistari. Akaingia, akaangalia, akasema, "Unaitwa nani?"

"Elia."

"Elia, kwenye mistari mtu anayekaa nyuma hawezi kuniambia nimekosea. Niwekee U. Kuanzia leo mikutano yangu yote ni U, usingoje nikwambie."

Nikamheshimu siku hiyo hiyo. Akapanda akawa provosti, yaani mtu wa pili chuoni, anayesimamia walimu wote na masomo yote. Nikampangia U. Wa pili alipoondolewa, Bodi ikampa yeye urais. Siku ya kusimikwa kwake, wakati wamevaa majoho na kofia, alipita karibu nami akaninong'oneza, "Leo wamenilazimisha mistari. Unisamehe." Nilifika nyumbani nikamsimulia Naomi mara mbili.

Na mwaka huo huo Debora akaingia chuoni hapo hapo. Chuo chetu kilikuwa na utaratibu kwamba mtoto wa mwajiriwa yeyote, awe profesa au mfagiaji, akifaulu kuingia, anasoma bila ada. Watu wengine wanafanya kazi kwa ajili ya mshahara. Mimi nilibeba viti miaka yote ile kwa ajili ya utaratibu huo. Debora alichukua kemia. Tukikutana kwenye korido, yeye na rafiki zake, mimi na kigari changu cha viti, alikuwa anasimama na kusema "Shikamoo baba" mbele yao wote. Nyumbani nilikuwa namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini pale hakuwahi kuikosa shikamoo. Rafiki zake wakajifunza. Mpaka leo kuna mzungu mmoja, sasa ni daktari, akiniona ananiamkia.

Debora alipokuwa mwaka wa pili, habari zikaja. Bodi ilitaka kazi za majengo zikabidhiwe kampuni ya nje. Sisi kumi na tisa tungefanya kazi ile ile, kwa mifagio ile ile, lakini tungekuwa waajiriwa wa kampuni. Na mtoto wa mwajiriwa wa kampuni si mtoto wa mwajiriwa wa chuo. Debora angetoka mwisho wa muhula. Mama Achieng alikuwa na mvulana aliyetarajia kuingia mwaka uliofuata, keshapewa nafasi.

Rais angeweza kukataa. Hakukataa. Akaitisha mkutano wa wazi, watu wote waje wasikie kabla Bodi haijapiga kura. Na oda ya mkutano huo ikaletwa kwangu, maana mpanga viti alikuwa mimi.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema: ukumbi wa mikutano, mistari, jukwaa mbele, viti vyenye mikono kwa maprofesa na wanafunzi. Chini kabisa, kwa kalamu: wafanyakazi wa majengo watasimama ukutani.

Mama Achieng akaichukua mkononi mwangu. "Mzee, hii maneno sielewi. Tusimame kwa ukuta? Kwani sisi ni makoti?"

Nikaenda kwa msimamizi. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwambia, "Ukutani hawasimami watu."

"Elia, usinianzishie. Oda imetoka juu."

"Kibao kiko juu zaidi. Ulinisomesha wewe."

Akaminya masharubu. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na binti yake mwenyewe alikuwa amesomea pale bila ada. "Unataka kufanya nini?" akaniuliza.

"Nataka kufanya kazi yangu."

Akageuza kiti chake akatazama dirishani. Nilipokuwa mlangoni nikamsikia anasema, "Mimi leo naumwa meno. Naenda kwa daktari."

Basi nikafunga mlango wa ukumbi, mimi na Mama Achieng. Viti vyenye mikono vinakula nafasi, nikavitoa vyote. Nikaleta vile vyepesi visivyo na mikono, vya kupandanisha, ambavyo kwa kamba yangu vinaingia vitano mahali pa vinne. Jukwaa nikalikunja, nikalisukumia stoo. Nikapanga U, mizunguko mitatu, njia za mafundo manne kila upande, ukuta mtupu kama kibao kinavyotaka. Viti mia moja na ishirini, sikuzidisha hata kimoja. Cha Rais nikakiweka kwenye mwanya, sakafuni, cha kawaida kama vingine. Mzunguko wa ndani, mkabala naye, nikaweka karatasi kwenye viti kumi na tisa. Mama Achieng aliandika majina yetu kwa mwandiko wa shule, herufi kubwa.

Kuvunja oda ya Rais ni kufukuzwa, na ukifukuzwa kabla ya kura, mtoto anatoka hata kabla ya wenzake. Naomi alikuwa ameniambia asubuhi, "Baba Debora, usije ukamponza mtoto kwa ukali wako." Nilikumbuka maneno yake nikiwa nimeshika kiti cha mwisho. Nikakiweka.

Watu wakaja. Maprofesa walizunguka kidogo wakitafuta mbele iko wapi, kisha wakakaa. Debora alikuwa mzunguko wa nyuma na wanafunzi wenzake. Sisi kumi na tisa tukaketi, na mashati yetu ya kazi.

Rais akaingia na makaratasi yake. Akasimama. Akatazama U, akatazama mahali jukwaa lilipokuwa, akanitazama mimi.

"Elia. Hii siyo oda niliyoandika."

Nikasimama. "Ni oda yako, Rais. Ulinipa ulipokuwa Mkuu wa Kitivo. Ulisema mikutano yako yote, nisingoje uniambie."

"Niliandika nyingine wiki hii."

"Ile iliweka watu ukutani. Kibao kile pale kinakataa. Nikachukua ya zamani."

Kuna mtu alicheka, akanyamaza. Rais alikaa. Nadhani mguu wake ulitaka kuondoka na kichwa chake kikakataa. Akasoma maelezo yake yote, kampuni hii, nafuu ile, na kila alipoinua macho kutoka kwenye karatasi alikutana na Mama Achieng, hatua nne mbele yake, amekunja mikono. Kwenye mistari angetazama juu ya vichwa vyetu. Kwenye U hakuna juu.

Akauliza kama kuna maswali. Maprofesa wakauliza kuhusu madirisha. Kweli, waliuliza madirisha yatasafishwa na nani. Nikanyoosha mkono.

"Nina binti mwaka wa pili," nikasema. "Anapata alama nzuri, mwalimu wake yumo humu. Kampuni ikija anatoka. Sina swali juu ya kampuni. Naomba umwambie mwenyewe kwamba anatoka. Amekaa pale nyuma, kulia kwako, ana sweta ya kijani."

Ukumbi mzima ukageuka. Debora hakuinamisha kichwa. Akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akaja mzunguko wetu. Hapakuwa na kiti, maana nilihesabu kumi na tisa. Mama Achieng akasogea, wakagawana kimoja, nusu kwa nusu.

Rais alimtazama. Hakumwambia. Akakusanya makaratasi yake akasema, "Nitarudi kwenye Bodi."

Akarudi. Nilipanga mimi viti vya kikao hicho, kumi na vitatu. Waliyoamua yalikuwa haya: waliopo wabaki waajiriwa wa chuo mpaka wastaafu, na watoto wao wasome, hata wale ambao hawajaingia; lakini watakaoajiriwa baadaye ni wa kampuni. Watu walitupongeza. Mimi sijawahi kuuita ushindi. Mlango tuliuzuia kwa mguu, sisi na watoto wetu tukapita, ukafungwa nyuma yetu. Vijana wetu waliokuja kufagia pale baadaye hawakupata tulichopata, na hilo lazima niliandike, kwa sababu wengine wenu mnaosoma ndio nyinyi.

Msimamizi alirudi na meno yale yale. Rais hakunifukuza. Hakunisemesha pia, karibu mwaka mzima. Oda zake zikaja zimeandikwa umbo la U, kila moja, bila neno jingine.

Debora alipohitimu nilipanga uwanja mzima alfajiri, kisha nikaingia stoo, nikavua shati la kazi, nikavaa suti, nikatoka nikakaa mstari wa tatu karibu na Naomi. Sikuwa nimewahi kukalia kiti changu kwenye mahafali. Niligundua ni kigumu mno.

Sasa kustaafu. Wanangu, watu watawaambia kazi ya mikono ni ngazi, upande haraka uiache. Mimi sikupanda. Nilikaa pale pale chini na nikajifunza kwamba mtu anayeamua nani akae wapi ameshaamua nusu ya mkutano, na kwamba mwenye cheo mara nyingi hajui hilo, anadhani ni maneno yake. Mkipewa kazi ndogo, tafuteni kibao chake. Kila kazi ina kibao mahali fulani, na wakubwa wengi hawajakisoma.

Siku yangu ya mwisho, oda ya karamu ya kuniaga ililetwa kwa nani? Kwangu. Hakuna aliyefikiria. Viti thelathini, meza ya keki. Mama Achieng alitaka kwenda kugombana, nikamzuia, nikavipanga, U, kwa kamba. Watu wakaja wakajaa. Debora alikaa kushoto kwangu, Naomi kulia, na mvulana wa Mama Achieng, ambaye naye alikuwa anakaribia kuhitimu, akakata keki.

Rais akafika amechelewa, ametoka kwenye kikao. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kiti. Watu watatu wanne wakaanza kuinuka, akawazuia kwa mkono. Akarudi nyuma polepole, akaegemea ukuta, chini ya dirisha, mkoba wake kifuani.

"Elia," akasema, "zimamoto watasemaje?"

"Mmoja wanamvumilia," nikasema.

Akacheka, na mimi nikacheka, na watu wakacheka bila kujua kwa nini. Naomi akanipiga kiwiko, maana nyumbani kwetu mgeni hasimami nawe umekaa.

Sikuinuka.